Kiraka cha Kusini mwa Gimbi

Asubuhi ya siku ya mia mbili na kumi na nne, Osmund Luambano alitua Gimbi kwa mara ya mia nne na sita, na kama kawaida yake alianza kwa kunitukana. Alisema Wahehe tumechonga jiwe zuri lakini tumesahau kuweka mbwa, sasa siku tukija wenyewe tutakula nini. Nikamjibu kwamba Mngoni hata akitua mahali pasipo na mtu, kitu cha kwanza anatafuta njia ya kukimbilia. Kisha nikashika kikombe changu nikangoja. Maneno yangu yalihitaji sekunde arobaini na moja kumfikia, na kicheko chake arobaini na moja kunirudia. Ukizoea, unamaliza nusu ya chai kati ya tusi na jibu.

Hakuwa ametua popote, bila shaka. Alikuwa ndani ya chombo chenye ukubwa wa chumba kimoja cha kupanga, peke yake, miezi saba tangu arushwe angani, na Gimbi lenyewe lilikuwa bado siku tisa mbele yake. Alichotua juu yake ni kazi ya mikono yangu. Kila asubuhi alivaa miwani ya simuleta, ile mashine ya kuigiza safari, akashika usukani uleule atakaoushika siku ya kweli, na jiwe langu likamjia mbele ya macho.

Naitwa Restituta Kihwele. Ni mchongaji katika kituo cha safari za anga kilichoko huku Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, mahali ambapo ukungu unaingia ofisini bila kubisha hodi. Watu wa rada wananipa namba, mimi nazigeuza kuwa jiwe: mabonde, nyufa, vivuli, kokoto. Jiwe lenyewe lina jina refu la kitaalamu ambalo hakuna anayelitumia. Sisi tuliliita Gimbi kwa sababu lina umbo la gimbi, nene katikati na limepinda mwishoni.

Lina urefu wa mita mia tatu na arobaini tu. Mtu wa kilo themanini akisimama juu yake ana uzito wa punje thelathini za mchele. Akikanyaga kwa hasira ameondoka, na harudi. Kwa hiyo kutua kule si kushuka. Ni kusogea polepole kama mama anayekwenda kumfunika mtoto aliyelala, halafu kufyatua nanga nne kwa mpigo, na hapo ardhi lazima iwe imara. Mashine mbili zilitangulia, zote mbili ziling'oka zikapotelea gizani. Ndipo ikaamuliwa apelekwe mtu, mwenye macho na mikono, akafunge kinasa mwendo kitakachotuambia kama miaka sitini ijayo jiwe hili litatupita mbali au karibu mno.

Mtu huyo akawa Mngoni wa Peramiho. Mababu zetu walipigana hadi wakachoka, na kilichobaki baada ya vita ni utani. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako na huna pa kumshtaki. Siku ya kwanza ya mafunzo Osmund alisoma jina langu kwenye kadi, akasema, kumbe mjakazi wangu yuko hapa, na tangu hapo hakuwahi kuniita Restituta. Nami nilimwita mtoro. Nusu saa ile ya kila asubuhi iliitwa maongezi ya fundi, na kazi yake rasmi ilikuwa rubani aniulize habari za jiwe. Tulimaliza jiwe kwa dakika tano.

Nisijifanye. Nusu saa ile ndiyo yalikuwa maongezi yangu ya siku nzima. Nina miaka arobaini na sita, sina mtoto, mama nimeshamzika, na kule kota za wafanyakazi watu wananisalimia vizuri sana huku wanapita. Kuna wiki nilikuwa nahesabu watu walioniita kwa jina nikashindwa kufika watatu. Halafu kulikuwa na mtu mmoja, kilomita milioni kumi na mbili toka hapa, ambaye akiamka kitu cha kwanza ni kutafuta tusi jipya la kunitukania.

Kusini mwa Gimbi palikuwa na mahali alipopapenda. Kibonde kidogo cha ukubwa wa uwanja wa netiboli, sakafu yake tambarare, na nyuma yake ukuta wa jiwe ulioinama kidogo, wa kuegemea. Osmund alipaita Baraza. Mwezi wa tano wa safari, ilipogundulika kwamba upande wa kaskazini una vumbi zito, wakuu walimuuliza angependa kutua wapi, akasema Baraza kabla hawajamaliza swali. Akishatua, miwani alikuwa haivui. Alibaki pale ameegemea ukuta, saa nzima, wakati mwingine mbili. Bi. Zaituni, daktari wa akili wa kituo, aliniambia kwamba mwezi wa nne Osmund alikuwa halali, haongei, na chakula anakiacha kama kilivyo. Kilichomrudisha ni pale. Mtu aliyefungiwa ndani anahitaji kutoka akakae nje, Bi. Zaituni alisema, hata kama nje yenyewe ni ya kuchora.

*

Siku hiyohiyo saa nne, Injinia Rwegoshora aliniita ofisini kwake. Ndiye mkuu wa safari, Mhaya mrefu, mtu ambaye maneno yake yote yamepigwa pasi. Gimbi lilikuwa limegeuka, na kwa mara ya kwanza upande wa kusini ulitazama duniani. Rada ilikuwa imeupiga usiku kucha. Alinitandazia picha mezani akaniambia, kwa upole kabisa, nimwonyeshe Baraza.

Nilitafuta. Nikageuza picha, nikatafuta tena, ingawa nilishajua.

Pale palipopaswa kuwa Baraza palikuwa na mlundo wa mawe, mengine makubwa kama nyumba, mengine kama ngumi, yameshikana kwa bahati tu. Chombo kikija pale kwa imani ya sakafu, nanga zingeingia kwenye kokoto, mguu mmoja ungezama, na tangi la mafuta lingepasukia kwenye jiwe. Hakuna ambaye angefika kumwokoa. Niliyaona yote hayo Rwegoshora akiwa bado hajavuta kiti chake.

Jiwe lolote linalochongwa kwa rada lina sehemu ambazo rada haikuziona, na simuleta haikubali tundu. Kwa hiyo tunaweka kiraka. Kiraka tunakipaka rangi ya majivu, tena tunakiandika kwenye orodha, maana kabla rubani hajapewa jiwe mashine inafuta majivu yote ili yasimchanganye. Orodha ndiyo inayobaki kusema kipi kimeonekana na kipi ni kisio la mchongaji. Miaka mitatu iliyopita kusini ilikuwa gizani, na hakuna aliyefikiria kutua kule. Mama yangu alikuwa na wiki mbili kaburini. Nilichoka kubuni mawe yasiyo na maana, nikachonga mawe ya nyuma ya kwetu Kalenga, kibonde tulikokuwa tunaanika ulezi. Nilichonga siku nzima bila kula. Nikasema nitakiandika kwenye orodha kesho.

Sikukiandika. Na mwezi wa tano waliponiuliza kama Baraza panafaa kutua, nilisema panafaa. Sikukusudia kudanganya. Kitu ukikitazama miaka mitatu, ukakisikia kinasifiwa kila asubuhi, unasahau kwamba ni wewe uliyekibuni. Wala sijitetei hapa, naeleza tu ilivyokuwa. Nilimweleza Rwegoshora vilevile.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimwita Bi. Zaituni, wakafunga mlango, na hoja yake ilikuwa moja: rubani akiambiwa leo kwamba mahali anapoishi hapapo, kesho ataamini nini? Ataamini vipimo vya hewa? Atatuamini sisi? Rubani asiyeamini chochote hawezi kutua, na akigeuza chombo bila kutua ana miezi saba mingine ya kurudi, peke yake, akiwa na akili ileile ya mwezi wa nne.

Mpango wake ulikuwa wa siku nane. Mita sitini magharibi ya mlundo ule, rada ilionyesha bamba la jiwe imara. Mimi ningelibadilisha jiwe kidogokidogo kila siku: ukuta usogee, sakafu ipande, mawe yaongezeke, na alama ya kutua ihame pole pole hadi ifike kwenye bamba. Osmund asiambiwe. Mikono yake ijifunze jiwe la kweli bila yeye kujua, na siku ya kutua akute anachokijua. Bi. Zaituni aliuma midomo, akasema mtu akining'inia kwenye kamba moja huikati, unaiunga taratibu. Akasaini.

Nami nilifurahi. Lazima niliseme hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nilitoka mle ofisini moyo umetulia, kwa kuwa atatua salama, hakuna atakayejua, na kesho asubuhi atanitukana kama kawaida.

*

Siku ya kwanza nilivuta ukuta mita moja na nusu. Siku ya pili nikainua sakafu kwa ncha ya kaskazini na kuweka mawe kumi na mawili. Osmund alitua bila shida. Utani wake ulikuwa mfupi kidogo, nikasema amechoka.

Siku ya tatu aliniuliza, kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa, kama lile jiwe la kushoto halikuwa mbali zaidi. Nikamwambia Wangoni hawajawahi kujua umbali wa kitu chochote ila mpaka wa Wahehe. Akacheka. Nikaondoka pale nikaenda chooni, nikafungua bomba, nikasimama tu.

Siku ya nne hakunitukana. Mtani asipokutukana ujue nyumbani kwake kuna msiba. Aliongea kwa sauti ya chini, kana kwamba huko aliko kuna jirani wa kumsikia.

“Resti,” akasema. Miezi saba, na mafunzo mwaka mzima kabla ya hapo, hakuwahi kuniita hivyo. “Nikuambie kitu, ila usimpelekee daktari.”

Alikuwa amepima. Tangu mwezi wa tano alikuwa na desturi ya kutembea Baraza ndani ya miwani, toka jiwe la kushoto hadi ukutani, na zilikuwa hatua kumi na tisa, kila siku kumi na tisa. Juzi zilikuwa kumi na saba. Jana kumi na sita. Leo kumi na nne. Alikuwa anaziandika kwa kalamu ukutani, juu ya kitanda chake. Alisema jiwe haliwezi kusogea, kwa hiyo kinachosogea ni kichwa chake, na alishajua siku moja kitasogea, ila aliomba kingoje mpaka atue. Hatamwambia daktari kwa sababu watamzuia. Kisha akaongeza:

“Nimeamua macho yangu siyaamini tena. Siku yenyewe nitayafumba ikibidi. Mikono inaijua Baraza, nitafuata mikono.”

Mikono yake ilikuwa imetua mara mamia kwenye kibonde kisichokuwepo, na mara nne tu kwenye jiwe lililoanza kufanana na la kweli. Angefuata mikono hadi kwenye mlundo wa mawe. Tulikuwa tumeanza mpango wa kumwokoa, na mpango wenyewe ndio sasa ulikuwa unamwua.

Nilikwenda mbio kwa Rwegoshora, nikamsimulia yote, hata yale niliyoombwa nisiyaseme. Alisikiliza. Akasema zimebaki siku nne, tuongeze kasi, mabadiliko yaishe kwa siku mbili ili azoee. Bi. Zaituni, bila kunitazama, akasema anaweza kumwongezea dawa ya kumtuliza kwenye mgawo wake wa asubuhi, unaochanganywa na mashine ya chombo kwa amri ya kituo, kiasi kwamba asijali sana kuhesabu hatua.

Mimi si mtu wa kupinga wakuu. Nikasema sawa, nikatoka. Nilipofika kwenye mashine yangu nilikaa mpaka chai ikapoa, nikimfikiria mtu mzima mwenye akili timamu anayeandika namba ukutani ili ajue ameharibika kiasi gani. Jiwe sikuligusa siku ile.

*

Maongezi ya fundi yalikuwa yanarekodiwa, lakini hakuna aliyeyasikiliza kabla ya saa sita. Siku ya tano, saa tatu kamili asubuhi, nilifunga mlango nikamwambia.

“Baraza hapapo. Rada haikuwahi kupaona. Nilipachonga mimi, kwa kufuata mawe ya nyuma ya kwetu Kalenga.”

Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya kweli, kwa kilio, kwa kimya. Kilichokuja ni kicheko. Alicheka kwa raha, kicheko cha tumboni ambacho sikukisikia wiki nzima, akasema sasa ndiyo nimeamka, alidhani mjakazi wake ameugua.

Mnaona nilikojifikisha. Miezi saba nilikuwa namtania hivyohivyo. Gimbi nimelipika jikoni kwetu, kile kilima cha mashariki ni goti la shangazi yangu, kule kaskazini hakujakaa vizuri maana mboga ilikuwa inaungua. Sasa ukweli ulivaa nguo za utani, na mimi ndiye niliyezishona. Nikamwambia utani nimeuweka chini. Akajibu kwamba Mhehe akiweka utani chini, angalia miguu yako. Hata kulia kusingenisaidia, kwa mila zetu mtani anayelia kwa sauti ndiye anayeigiza kuliko wote.

“Vaa miwani,” nikasema. “Nenda Baraza. Panda juu ya ukuta, ule upande ambao hujawahi kupanda. Utakuta vishimo viwili vya mviringo, laini ndani, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Bibi yangu alisagia ulezi pale miaka arobaini. Niambie, kaka Osmund, nani amesaga ulezi angani.”

Vishimo vile sikuwa nimevigusa siku zote nne. Kila nilipofika pale mkono ulikataa.

Sekunde themanini na mbili zikapita, zikapita nyingine. Nilisikia mlio wa miwani, nikasikia pumzi yake anavyopanda kitu kisichokuwepo. Dakika sita. Nje wachumaji wa chai walikuwa wanaitana kwenye ukungu.

“Vipo,” akasema.

Halafu, baada ya muda: “Na zile hatua?”

“Ni mimi. Nimekuwa nazipunguza kila siku. Niliamriwa, lakini mikono ni yangu. Akili yako nzima, kaka. Ulihesabu sawasawa kila siku.”

Nikangoja tena. Nilitaka kuikunja ile nafasi kati yetu kama shuka.

“Kwa hiyo sijawa kichaa.”

“Hujawa.”

“Ila hakuna pa kukaa.”

Nilisema pole, neno dogo kuliko yote, na lilipomfikia alikuwa ameshakata.

Nikaenda mwenyewe kwa Rwegoshora kabla ya saa sita. Alinisikiliza amesimama. Aliniambia nimeua safari ya miaka kumi na moja, na huenda nimemwua na mtu, na kwamba nimefanya hivyo ili nilale vizuri. Nikamwambia silali vizuri. Akanyoosha mkono, nikampa kadi yangu ya kazi.

*

Siku mbili Osmund hakujibu simu ya mtu yeyote. Vipimo vilionyesha yuko hai, moyo unapiga, anakunywa maji. Kwa upande wangu nilikaa kota. Nilipika ugali siku ya kwanza nikaumwaga. Kimya kile nilikuwa nakijua, niliishi nacho miaka mingi kabla ya Osmund, lakini safari hii nilikuwa nimekileta kwa mikono yangu mwenyewe. Saa tatu ilipofika nilijikuta nimemimina chai na nimekaa naichungulia.

Siku ya nne Bi. Zaituni alikuja. Alikataa kiti. Alisema Osmund amefungua mdomo jana na maneno yake yalikuwa machache: apewe namba za rada kama zilivyo, apewe na orodha ya viraka vyote, na rangi ya majivu isifutwe hata mahali pamoja. Alipoliona jiwe la kweli, nusu yake majivu, alisema angalau sasa anajua asichokijua. Alikuwa ametua kwenye bamba mara ishirini na saba kwa siku moja. Alianguka tisa za mwanzo.

Nikauliza kama amenitaja. Bi. Zaituni akatazama mlango. Ana sharti moja, akasema. Siku ya kutua, umbali asisomewe na mtu mwingine ila wewe.

Nikamwambia hilo halina maana, na Osmund anajua. Namba zinatoka kwake, zinakuja kwangu, nazisoma, zinarudi: kila nitakachomsomea atakuwa ameshakipita sekunde themanini na mbili nyuma. Kwenye chombo ana vipimo vyake mwenyewe. Bi. Zaituni akasema wamemweleza hayo yote, na amewajibu kwamba hesabu alisoma. Anataka tu aisikie sauti yangu inasoma, akiwa ameshafika au akiwa ameshakufa. Nikamuuliza kama hiyo ni kunisamehe au kuniadhibu. Akasema yeye ni daktari wa akili na hajui.

Rwegoshora alinirudishia kadi kwa siku moja. Chumba kilijaa watu, na hakuna aliyenipa nafasi ya kupita mpaka nilipoomba. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu umebana madirisha. Nilikaa, nikavuta kipaza sauti.

“Mita thelathini,” nikasoma.

Chombo kilikuwa kinasogea sentimita nane kwa sekunde. Mita ishirini na tano. Mita ishirini. Nilisoma taratibu, kama mtu anayesomea wagonjwa barua. Hakujibu hata moja, na sikutegemea ajibu. Mita kumi na tano. Mita kumi. Nilipotamka mita sita nilijua sauti yangu itamkuta ameshagusa chini, vyovyote alivyogusa. Nilipotamka mita tatu, kule yote yalikuwa yameshatokea. Kuna mtu alikuwa hai au hakuwa, na mimi nilikuwa bado namwambia mita mbili, mtoro, mita moja, nusu mita.

Kisha namba zikakatika. Tuliambiwa zingekatika, vumbi lingefunika antena kwa dakika chache. Hakuna aliyeniambia ninyamaze, kwa hiyo niliendelea kushika kipaza sauti mdomoni bila cha kusoma. Dakika moja. Dakika mbili. Rwegoshora alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na nilisikia pumzi yake. Dakika ya nne niliwaza kwamba mtu huyu amekufa akiwa anasubiri sauti yangu, na kwamba nilichompa badala ya Baraza ni hicho tu.

“Nimetua.” Sauti ilikuwa ya mtu aliyepanda mlima. “Nanga zote nne. Pabaya hapa. Pabaya kweli, hapafanani hata na kwenu Iringa.”

Chumba kilipasuka kwa makofi. Mtu alinigonga bega akidhani ni mtu mwingine. Rwegoshora alikaa chini, sakafuni palepale na suti yake.

“Mhehe,” Osmund akasema katikati ya kelele zile. “Upo?”

Nikasema nipo. Nikangoja sekunde zangu themanini na mbili, na watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja walipoona uso wangu.

“Basi toa mikono kwenye hiyo mashine yako,” akasema. “Usinichongee kitu. Nitakuambia palivyo, jiwe moja moja, na wewe utasikiliza tu.”

Nikatoa mikono mezani, nikaiweka mapajani, nikamsikiliza.